Sura ya Nne: Mama Kevina na Mlango wa Wodi ya Wazazi

Masista wamisionari waliokuja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 wameandikwa sana, na karibu wote wamesifiwa kwa jambo moja: huruma. Tunaambiwa sista alikula walichokula wenyeji, alitembea kwa miguu juani na matopeni, aliwafunga vidonda wenye ukoma bila kuona kinyaa, akazeeka kabla ya wakati wake. Huruma hiyo siitilii shaka. Ninachokikataa ni kuifanya ndiyo maelezo yote, kwa maana huruma peke yake haijawahi kumtoa mtoto aliyekwama tumboni siku ya tatu ya uchungu. Kazi hiyo inataka mkono uliofundishwa, vyombo vilivyochemshwa, mtu mwenye ruhusa ya kuwapo pale, na mwingine wa kumpokea zamu akichoka. Sura hii inamhusu Teresa Kearney, mtawa wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa zaidi ya nusu karne, ambaye watu wa huko walimwita Mama Kevina. Hoja yangu ni kwamba jambo kubwa kuliko yote aliyowafanyia maskini lilitokana na kukataa kwake kuridhika na sheria iliyowazuia masista kuwasaidia wanawake wanapojifungua. Sheria hiyo haikuwa ya mkoloni wala ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Ilikuwa ya Kanisa lake mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika kaunti ya Wicklow, mashariki mwa Ireland. Baba yake, mkulima, alifariki miezi michache kabla binti huyo hajazaliwa. Mama yake akafuata Teresa akiwa na miaka 10, na bibi yake aliyemchukua kumlea akafariki msichana akiwa na miaka 17. Alitaka kuwa mwalimu mwenye cheti. Ada ikamshinda, akafundisha kama mwalimu msaidizi. Mwaka 1895 aliingia kwa watawa Wafransisko wa Mill Hill, London, na mwaka 1898 akaweka nadhiri kwa jina la Sista Mary Kevin. Tumaini lake lilikuwa kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko. Yapo maisha ya watakatifu yanayopitia utoto wa namna hii haraka ili yafike kwenye miujiza, lakini kwa maoni yangu hapa ndipo pa kutua kidogo. Msichana huyu alikuwa na uwezo wa kufundisha, akazuiwa na karo. Miaka iliyofuata alitumia muda mwingi akiwatafutia wasichana wa Uganda shule, vyeti na mafunzo ya kazi, na siamini kwamba mambo hayo mawili hayakujuana.

Aliondoka London tarehe 3 Desemba 1902 pamoja na wenzake watano, wakafika kilima cha Nsambya, Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Waliitwa na Askofu Henry Hanlon wa shirika la Mill Hill, na wito huo ulikuwa na siasa ndani yake. Miaka kumi na moja tu nyuma, mwaka 1892, Waganda Wakatoliki na Waganda Waprotestanti walikuwa wamepigana vita mjini Mengo. Wakatoliki walifahamika kama chama cha Wafaransa kwa sababu mapadre wao walikuwa White Fathers, na Waprotestanti kama chama cha Waingereza. Mapadre wa Mill Hill waliletwa mwaka 1895 wakiwa na kazi ya kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki na raia mwaminifu chini ya bendera ya Uingereza. Masista sita wa 1903 waliingia katika uwanja huo uliokwisha kupigwa mistari, kila dhehebu na kilima chake. Walianza zahanati chini ya mwembe. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza pwani za Busoga na Buganda. Katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo uliua watu zaidi ya 200,000, na serikali ikaja kuwahamisha kwa nguvu wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Hawakuwa na dawa ya malale, na hakuna aliyekuwa nayo. Walichoweza kufanya ni kuosha, kulisha, kutibu vidonda na funza, kupunguza homa. Kwa magonjwa mengi ya wakati ule, usafi na uji viliokoa watu wengi kuliko chupa za dawa, na wanawake wasio madaktari walitosha kwa kazi hiyo.

Kwa uzazi hawakutosha, na hata kama wangetosha kwa ujuzi, hawakuruhusiwa. Ili kuelewa kizuizi hiki ni lazima kuingia kidogo katika Sheria za Kanisa. Kwa karne nyingi makleri walikatazwa kufanya kazi ya utabibu na upasuaji. Sababu zilikuwa kadhaa: hofu ya padre kumwaga damu au kusababisha kifo, hofu ya kutafuta faida, na hofu ya kashfa katika kugusa miili ya watu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1917 uliliweka katazo hilo katika kanuni ya 139, ukataka kibali cha Roma kwa anayetaka kulivuka, na kanuni ya 592 ikawabana watawa wote kwa masharti yaleyale. Kwa masista, mambo ya uzazi yalitazamwa kwa ukali zaidi. Mwanamke aliyeweka nadhiri ya usafi wa moyo, ilisemwa, asiwe karibu na kitanda cha anayejifungua. Uuguzi wa kawaida uliruhusiwa. Sista angeweza kumfunga bendeji mwanamume aliyekatika mguu. Angeweza kumwosha maiti. Lakini mwanamke alipoanza kulia kwa uchungu, sista alitakiwa kutoka nje.

Katika miji ya Ulaya sheria hiyo ilikuwa na madhara madogo, kwa kuwa palikuwa na madaktari na wakunga walei wa kuziba pengo. Buganda ya mwaka 1910 haikuwa na pengo dogo la kuzibwa na jirani. Wakunga wa jadi walijua mengi, na uzazi wa kawaida ulikwenda salama mikononi mwao kama ulivyokwenda vizazi vyote. Uzazi uliokwama ulikuwa jambo jingine. Mtoto aliyelala kwa upande, nyonga nyembamba, kondo lililotangulia, kutokwa damu kusikokoma, homa ya uzazi siku ya nne: hayo yalitaka vyombo, nyuzi, maji yaliyochemshwa na mtu aliyejifunza nini cha kufanya kabla ya kuanza kufanya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema wahenga, na hakuna haja ya mwandishi kuuremba. Jambo la kusikitisha kwa namna ya pekee ni kwamba vifo hivyo vilitokea palipokuwa na watu wenye nia njema, wenye mikono safi, walioitwa na Mungu kuwahudumia maskini, na waliofungwa na karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mahali pengine. Kwenye kilima cha pili, hospitali ya Mengo ya Waanglikana ilikuwa na Dkt. Albert Cook tangu 1897 na mkewe Katharine, muuguzi aliyesomea, ambaye mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia alianzisha shule ya wakunga. Mwanamke Mkatoliki aliyezidiwa na uchungu alikuwa na hospitali ya kwenda. Lakini haikuwa ya kwao, na katika Uganda ya siku zile hilo halikuwa neno dogo.

Kevin alikuwa amefanywa Mama Mkuu wa masista wa Uganda mwaka 1910. Angeweza kufanya moja kati ya mambo mawili mepesi. La kwanza ni kutii na kunyamaza, akiwaombea waliokufa. La pili ni kuvunja sheria kimyakimya, huku akitumaini kwamba Roma iko mbali. Na mbali ilikuwa kweli. Alichagua njia ndefu. Alimpata daktari mlei Mkatoliki, Dkt. Evelyn Connolly, ambaye hakuwa na nadhiri na kwa hiyo hakufungwa na kanuni ya 592. Kwa msaada wake ilifunguliwa shule ya wauguzi na wakunga Nsambya mwaka 1921, na wasichana wa Uganda, walei pia, wakaanza kufundishwa kazi ambayo masista waliowafungulia shule hawakuruhusiwa kuifanya. Naomba msomaji alipime jambo hilo vizuri. Utaratibu wa shule hiyo ulikuwa hoja iliyojengwa kwa matofali: kazi hii inawezekana, inaheshimika, haimwondolei mtu usafi wa moyo, na anayekatazwa kuigusa ni yule tu aliyejitoa maisha yake yote kwa ajili ya maskini. Wakati huohuo Mama Kevin alipeleka maombi kwa wakubwa wa Kanisa, akieleza hali ilivyo na kuomba katazo liondolewe.

Hapa mtu mwenye kupenda ukweli atauliza, na anayo haki: je, ni yeye aliyeliondoa? Si peke yake, na vitabu vinavyomfanya shujaa pekee havimtendei haki wala haviwatendei haki wenzake. Dkt. Agnes McLaren, mwanamke wa Scotland aliyeingia Ukatoliki akiwa mtu mzima, alianzisha kazi ya hospitali ya wanawake Rawalpindi, katika India ya wakati huo, na akaiandama Roma kwa maombi hadi alipofariki mwaka 1913. Huko madaktari wanaume hawakuweza kabisa kuwaona wanawake waliofichwa ndani wasionwe na wanaume wa nje, hivyo hoja yake ilikuwa kali zaidi. Aliyefuata nyayo zake alikuwa Anna Dengel wa Austria, daktari, aliyeanzisha mjini Washington mwaka 1925 shirika la masista wa tiba za kimisionari. Kwa sababu ya sheria ileile, yeye na wenzake watatu hawakuruhusiwa kuweka nadhiri za hadhara. Kwa miaka kumi na zaidi waliishi kama masista bila kutambuliwa kisheria kuwa masista. Nchini Ireland, Marie Martin alikuwa akingoja mlango huohuo ufunguliwe. Ulifunguliwa tarehe 11 Februari 1936, pale Idara ya Uenezaji Imani huko Roma ilipotoa maelekezo chini ya Kardinali Pietro Fumasoni-Biondi. Masista katika nchi za misheni waliruhusiwa, na zaidi ya hapo wakahimizwa, kusomea udaktari, uuguzi na ukunga, ili wawahudumie akina mama na watoto wachanga. Mwaka uliofuata Marie Martin alianzisha shirika lake nchini Nigeria.

Kwa hiyo mchango wa Mama Kevin ulikuwa sauti moja katika kundi la wanawake waliotoka nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana. Lakini sauti yake ilikuwa na uzito wa aina yake, na uzito huo ndio ninaoutetea. McLaren na Dengel walikuwa madaktari; wakubwa wa Roma wangeweza kusema kwamba wanawake hao wanataka Kanisa lifuate taaluma yao. Kevin hakuwa daktari. Alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Mama Mkuu wa masista walioko kazini, mtu ambaye utii wake haukuwa na doa. Aliposema kwamba sheria inaua, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anatafuta cheo. Tena alikuja na shule inayofanya kazi, jambo ambalo maombi ya maandishi matupu hayana. Wanaodhani kwamba kubadilisha taasisi kongwe kunatokana na ghadhabu peke yake, au na subira peke yake, watazame miaka hiyo kumi na mitano kati ya 1921 na 1936. Alitii kila herufi ya katazo, na kila siku ya utii huo aliitumia kuonyesha kwamba katazo halina maana.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine. Linasema: huyu alikuwa sehemu ya mashine ya ukoloni. Ushahidi upo, na haifai kuufunika. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Francis Lambkin, alitoa taarifa kwamba kaswende imeenea Buganda kiasi cha kutishia kizazi. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba sehemu kubwa ya alichokiona huenda ilikuwa buba, ugonjwa wa ngozi unaofanana na kaswende lakini hauambukizwi kwa kujamiiana. Taarifa ile, hata hivyo, ilizaa kampeni ndefu ya kuwaonya Waganda juu ya maadili yao, na juhudi za kuzalisha wanawake kwa njia ya kisasa zilipata msukumo kutokana na hofu hiyo. Serikali ilihitaji watu: wa kulima pamba, wa kulipa kodi, wa kubeba mizigo. Vita vya 1914 vilipofika Afrika Mashariki, wapagazi Waafrika walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam lipo kwenye eneo lililokuwa kambi yao. Nsambya ilipokea wapagazi wagonjwa, na Mama Kevin akapewa nishani na mfalme wa Uingereza mwaka 1918, kisha nyingine ya juu zaidi mwaka 1955. Anayetaka kusema kwamba sista aliwatibu waliovunjwa na dola na dola ikamshukuru, hajasema uongo.

Jibu langu si kwamba nia yake ilikuwa njema, maana nia njema ilijaa katika ukoloni na haikumsaidia mpagazi hata mmoja. Jibu liko katika kutazama kazi ilimlenga nani na ilimwachia nini. Dola ilimhitaji mpagazi awe mzima ili abebe. Akishindwa kubeba, hakuwa na kazi naye. Wodi ya Nsambya ilimpokea wakati uleule ambao dola ilikuwa imemaliza haja naye. Ni kweli kwamba kumtibu hakukuuondoa mfumo uliomuumiza, na kwamba hatujui sista aliyesimama hadharani Kampala kuulaani. Sitamtetea kwa hilo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayetumikia mfumo na mtu anayefanya kazi ndani yake akiwaachia watu nguvu ambazo mfumo haukukusudia wawe nazo. Msichana wa Uganda mwenye cheti cha ukunga mwaka 1925 alikuwa na kitu ambacho mkuu wa wilaya hakuweza kukirudisha: ujuzi uliomo mikononi mwake, mshahara, na sauti mbele ya wanaume wa ukoo wake. Ukoloni uliondoka mwaka 1962. Ujuzi haukuondoka nao.

Pingamizi la tatu limesikika zaidi tangu miaka ya 1990, na lilielekezwa kwa sista maarufu kuliko wote, Mama Teresa wa Kolkata. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu The Lancet, alitembelea nyumba yake ya wanaokaribia kufa akaandika kwamba upimaji wa magonjwa ulikuwa wa kubahatisha na kwamba dawa kali za maumivu hazikuwapo. Wapinzani wengine walikwenda mbali zaidi, wakisema masista wanauabudu umaskini badala ya kuuondoa. Sehemu ya lawama hiyo haikuzingatia mazingira: nyumba ile ilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya watu waliokuwa wakifia barabarani, waliokataliwa na hospitali zote, na haikukusudiwa kuwa hospitali. Hata hivyo kiini cha lawama ninakikubali. Maskini hana haki ndogo ya dawa ya maumivu kuliko tajiri, na upendo unaoridhika na kushika mkono wa mgonjwa wakati dawa inapatikana umepungukiwa. Inafaa kukumbuka kwamba Mama Teresa mwenyewe, alipoacha shule yake mwaka 1948 kwenda mitaani, alianza kwa kwenda Patna kujifunza misingi ya uuguzi, na waliomfundisha ni masista wa Anna Dengel. Kama si maelekezo ya 1936, masista hao wasingekuwapo wakiwa masista kamili wenye hospitali ya kumfundishia.

Hapa ndipo ninapoona Mama Kevin anatupa kipimo ambacho wapinzani na watetezi wote wawili wameshindwa kukitumia. Watetezi humpima sista kwa alivyojinyima. Wapinzani humpima kwa idadi ya waliopona. Kipimo cha Kevin kilikuwa: je, nikiondoka, nani atafanya kazi hii, na je, ataifanya vizuri kuliko mimi? Ndiyo maana mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, likianza na wasichana wanane wa Uganda, makao yake yakiwa Nkokonjeru. Hakuwa wa kwanza. Banabikira wa Bwanda walikuwa wametangulia tangu 1910 chini ya White Fathers, na pengine bila mfano wao familia za Kiganda zisingekubali kabisa. Ugumu ulikuwa wa kweli. Binti asiyeolewa alikuwa hasara ya mahari, ya wajukuu na ya jina, na wazazi waliomruhusu walijua majirani watasema nini. Waliokubali, wazazi na mabinti, ndio waliobeba sehemu nzito ya historia hii.

Lakini kwa nini shirika jipya? Kwa nini wasichana wale hawakupokelewa katika shirika la Kevin mwenyewe, wakae meza moja na masista wa Ireland na Uingereza? Swali hili ni gumu kuliko yote yaliyotangulia, na halina jibu la kumridhisha kila mtu. Karibu kila mahali katika Afrika ya wakati ule, Kanisa lilijenga mashirika mawili: la wazungu, na la wenyeji chini ya ulezi wa wazungu. Sababu zilizotolewa zilikuwa lugha, elimu na mazoea. Chini ya sababu hizo palikuwa na dhana kwamba sista mweusi ni mwanafunzi wa kudumu. Mama Kevin aliishi ndani ya mpangilio huo na aliutumia. Ukitaka kumhukumu kwa hilo, una msingi. Ninachoweza kusema ni kwamba mpangilio uleule ulizaa matokeo ambayo walioubuni hawakuyategemea. Shirika la wenyeji lilikuwa na katiba yake, mali yake, unovisi wake, na baada ya muda likawa na viongozi wake wenyewe. Katika nchi ambako mwanamke hakuwa na kiti barazani kwa mkoloni na alikuwa na nafasi finyu barazani kwa Kabaka, hapo palikuwa na taasisi ambamo wanawake walishika vitabu vya hesabu, waliendesha shule na zahanati, na walichaguana. Leo Masista Wadogo wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania. Kama wale wanane wangeingia katika shirika la Mill Hill, huenda wangekaa meza moja na wazungu miaka thelathini mapema zaidi. Huenda pia wangebaki mwisho wa meza hiyo kwa miaka thelathini.

Makazi ya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga, yaliyoanza mwaka 1932, na ya Buluba, mwaka 1934, yanaonyesha kipimo kilekile kikifanya kazi. Ukoma ndipo mahali ambapo huruma ya masista imepambwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu picha ya kumgusa asiyeguswa inapendeza machoni mwa wafadhili. Wakati makazi hayo yanafunguliwa, tiba iliyokuwapo ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yenye maumivu na matokeo hafifu. Wakosoaji wangekuwa na haki ya kusema kwamba hapo palikuwa pa kufungiwa tu, kama makazi hayo yangebaki hivyo. Hayakubaki. Dawa za jamii ya salfoni zilipokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Buluba ilikuwa na majengo, rejista za wagonjwa, maji na wauguzi, na mwaka 1951 akafika Dkt. Wanda Błeńska wa Poland, mlei, aliyekaa huko miongo minne na kupageuza kuwa kituo cha kufundishia wataalamu wa ukoma. Tiba ilipovumbuliwa ilikuta mahali pa kukaa. Hilo ni jambo ambalo takwimu za mwaka 1934 zisingeweza kuonyesha, na ambalo anayepima kwa idadi ya waliopona peke yake atalikosa.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya kupumzika. Mwaka 1952 masista wamisionari waliokuwa Afrika walitengana na nyumba mama ya Mill Hill wakawa shirika la Wafransisko Wamisionari kwa ajili ya Afrika, naye, akiwa na miaka 77, akawa mkuu wao wa kwanza. Alipong'atuka mwaka 1955 alipelekwa Boston, Marekani, na huko akaendelea kuomba fedha kwa ajili ya Uganda hadi alipofariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili wake ulizikwa Ireland, na Wakatoliki wa Uganda wakataka urudishwe. Desemba ya mwaka huohuo ukafukuliwa, ukasafirishwa kwa ndege, ukazikwa Nkokonjeru. Wapo wanaolitaja tukio hilo kama uthibitisho wa mwisho kwamba watu walimpenda. Mimi nalichukua kwa kiasi: waliomdai walikuwa Wakatoliki, na upendo wa waumini kwa mtawa wao hautoshi kumjibu anayeuliza habari za ukoloni au za mashirika mawili. Lakini unajibu swali dogo zaidi na la maana, yaani kazi hiyo ilionekana kuwa ya nani. Waliomfukua waliamini kuwa ni yao.

Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo una maswali yake: fadhila za kishujaa, maandishi yake, na hatimaye muujiza, ambao kwa kawaida ni mgonjwa aliyepona bila maelezo ya kitabibu. Sina ugomvi na maswali hayo. Kanisa lina njia yake ya kuwatambua watu wake. Ningeomba tu faili hilo liongezewe ushahidi wa kundi ambalo maelezo ya maisha yake hulipita haraka sana: wasichana wanane wa 1923 kwa majina na koo zao, na rejista za shule ya Nsambya tangu 1921, zionyeshe nani aliingia, nani alihitimu, alipangiwa zahanati gani, na alizalisha wanawake wangapi kabla ya kustaafu.